Kiyoyozi na Kikapu cha Maandazi

Nakumbuka siku moja ya joto kali, mwanangu, miaka ya tisini hapa Maskati, tulipoletewa kiyoyozi kipya nyumbani kwetu Hamriya. Kilikuja kwa pikapu, ndani ya boksi lake, pamoja na salamu za mwenye gereji mmoja wa Wadi Kabir. Mume wangu, Saidi, ndiye aliyekuwa akichagua gereji ya kutengeneza magari ya ofisini kwao, na uamuzi ulikuwa wiki ileile. Sote tulijua, na sote tukanyamaza, maana kiyoyozi chetu cha zamani kilinguruma kama trekta na kutoa hewa ya moto.

"Hadiya tu hii," alisema Saidi, akaenda kutafuta bisibisi.

Mama mkwe wangu, Bi Zuwena, alikuwa amekaa mbele ya televisheni. Kiingereza hakukijua, kwa hiyo mimi ndiye niliyemtafsiria habari, na kusema kweli nilikuwa natia chumvi. Jioni ile walionesha mzee wa Kimarekani katiwa pingu, tai bado iko shingoni.

"Huyu kafanya nini?"

Nikamweleza kuwa kule kila jimbo lina bunge lake, na huyu alikuwa mbunge wa jimbo. Kontrakta kamwezekea nyumba paa jipya bure, naye akampigia kura apate kazi ya barabara. Sasa kahukumiwa jela. Tena mwenzake wa bunge hilohilo kashatangulia.

"Hilo bunge ama baraza ya kusubiria jela?" akauliza Bi Zuwena.

Saidi alicheka mpaka bisibisi ikamponyoka. "Watu hawa hawana haya," akasema. "Kwa paa tu, mtu unauza jina lako."

Mama mkwe akamtazama yeye, kisha akalitazama boksi. Mimi nikatazama sakafu.

"Saidi, jirani akikuletea chakula, chombo chake hurejeshwa vipi?"

"Hakirudi kitupu, Mama. Hutiwa chochote."

"Ehe. Na hichi utakitia nini?"

"Mama, hichi si sahani."

"Kimeletwa, kina marejesho. Yule Mmarekani katia barabara ya watu. Wewe kama huna cha kutia ila kazi ya ofisini, basi mimi ntatia maandazi."

Nilidhani anatania. Akakanda unga palepale, nami nikakaanga huku jasho likinitoka na hasira zikinipanda, kwani kile kiyoyozi nilikuwa nimeshakipenda. Asubuhi Saidi akakodi teksi kukirejesha Wadi Kabir, boksi nyuma, kikapu mapajani, kanzu imepigwa pasi. Mafundi wa gereji walidhani kaja kuposa. Wakayala maandazi yote kabla tajiri wao hajafika, na tajiri alipofika akakigeuzageuza kikapu kitupu, akauliza kwa unyonge, "Sasa haya maandazi maana yake nimepata kazi au nimekosa?"

Kazi ilikwenda kwa gereji moja ya mtaa wa Ghala, ambayo haikutuletea hata salamu.

Kiangazi kile tulilala juu ya paa letu bapa, shuka tumezirowesha maji, Saidi akigeuka huku na huku na kulalamika. Bi Zuwena akamwambia gizani, "Lala, mwanangu. Mwenzio kapewa paa bure, sasa yuko chini ya paa la serikali. Wewe uko juu ya lako."

Basi, mwanangu, wewe unayeanza kazi, siku ukiletewa kitu, kabla hujatafuta bisibisi jiulize utakirudishia nini. Jibu likiwa jikoni kwako, pokea ule kwa raha. Likiwa ofisini, kifunge kamba kirudi kilikotoka, hata kama ni mwezi wa Julai na joto lake la huku. Mungu akupe riziki isiyokutazamisha sakafu, akuwekee nyumbani mtu wa kukuuliza, na joto lolote likukute juu ya paa lako mwenyewe.