Tope la lambo si la tanuri letu

Mliosema tanuri la matofali la kaka yangu linafungwa leo, njooni mkae hapa.

Mwezi mzima Mzee Maganga anatutangaza Kwihara nzima, eti udongo tunaochimba ndio unaojaza lambo. Hata shikamoo yangu alikuwa haitikii.

Leo karudi na majibu mbele ya kijiji mtaalamu wa udongo, dada mmoja wa mjini aliyekuja kuchukua sampuli. Alilinganisha tope la lambo na udongo wa mashamba, wa shimo letu na wa njia ya ng'ombe.

(Ndoo za sampuli alibebewa na nani? Na mimi.)

Kaka jasho linamtoka. Tanuri ndilo linalotulisha.

"Tope jingi limetoka njia ya ng'ombe," dada akasema. "Wakishuka kunywa wanatifua ardhi, mvua inaizoa."

Watu wote wakamgeukia mwenye ng'ombe wengi kuliko wote.

Mnamjua.

Mimi nilivuta pumzi ya afueni mpaka kifungo cha shati kikaachia.

Mzee akauliza taratibu, "Sasa wanywe wapi?"

"Tuvute maji, tuwajengee birika la kunywea huku juu," dada akajibu. " La matofali."

Jioni hii Mzee kaja mwenyewe tanurini kuagiza matofali. Kabla sijafungua mdomo, kaitikia: "Marahaba, mwanangu."

Semeni, nimhudumie au apange foleni kwanza?