Vijana Waliokuwa Wakitazama Filamu Kwetu

Baba yangu alikuwa fundi wa umeme kwenye karakana ya mgodi, Kolwezi. Babu ndiye aliyetoka Kasai, akaletwa kwa treni akiwa kijana kuja kuchimba shaba. Baba alizaliwa kwenye kambi ya mgodi, na sisi wanawe vilevile: mimi na kaka yangu mkubwa. Nyumbani tulisema Kiswahili. Chiluba, lugha ya Kasai, tulikisikia kwa mama tu, anapokasirika au anaposali.

Nyuma ya soko alikaa mfanyabiashara mmoja Mwislamu, wazee wake walitoka Maniema, aliyekuwa akienda Zambia na lori lake. Siku moja alimletea baba tele, yaani televisheni, na mashine ya video, zimefungwa ndani ya blanketi. Vijana wa barabara yetu walipata habari kabla ya mama.

Tangu hapo, kila Jumapili mchana, misa imekwisha na bukari, ugali wetu, imeliwa, sebule yetu ilijaa. Viatu vilirundikana mlangoni hata mtu akitaka kutoka inabidi avivuke. Walipenda filamu za mapigano: watu wanaoruka hewani na kupigana mateke, makauboi, askari wa msituni ambao bunduki zao hazikuishiwa risasi. Lugha ya filamu hizo hakuna aliyeielewa. Kwa hiyo kijana wa nyumba ya jirani, rafiki mkubwa wa kaka yangu, ndiye alitufasiria, yaani alitutungia. Jitu likifoka kwenye tele, yeye alifoka kwa Kiswahili, akidai kisamvu chake: "Nani amekula sombe yangu?" Mama alicheka mpaka akashika fremu ya mlango.

Kijana huyo tulimlea pamoja na mama yake, naweza kusema hivyo. Mama yake aliuza makala, yaani makaa ya kupikia, akienda Mutshatsha kuyachukua na kukaa huko siku kadhaa, na mtoto akala kwetu, akalala kwetu, akachapwa na baba yangu pamoja na kaka. Wao walikuwa wenyeji wa Katanga, wenye nchi. Sisi tulikuwa watu wa kuja. Lakini wakati huo mimi sikujua kwamba hilo ni jambo la kuhesabiwa.

Filamu ikiisha, vijana walimwagika barabarani wakirusha mateke. Jumapili moja mmoja wao alimpiga mwenzake teke la mdomo, jino likatoka. Mama wa aliyepiga, si wa aliyepigwa, ndiye alikuja kulia kwetu.

"Mama, ile video yenu inaharibu batoto," alimwambia mama yangu. "Mutoto wangu hakukuwa hivi. Sasa hata akiniamkia, anakunja ngumi."

Jioni ile mama alimwambia baba aifunge mashine. Baba alikataa.

"Mi mu utoto wangu nilikuwa naangalia bakauboi mu sale kubwa ya mikutano ya bapadri. Nilipiga nani? Sema, nilipiga nani?"

"Weye ulikuwa na baba yako anakungojea ku mulango na mukaba wa suruali," mama alimjibu. "Hawa banatoka hapa, nani anabangojea?"

Baba aliinuka. Akaifunga mashine ndani ya kabati, na kwa wiki nyingi Jumapili zetu zikawa kimya. Vijana walienda uwanjani kucheza mpira, wakapigana huko huko kwa ajili ya goli ambalo wengine walisema liliingia na wengine wakasema halikuingia. Mmoja alirudi na mkono umevunjika. Baba akaitoa mashine kabatini, na mama akamwachia. Kaka yangu alizitazama filamu zile zote, hakukosa hata moja, na alikuwa mtu ambaye mama alipotaka kuchinja kuku ilibidi aite mtu mwingine, kaka hakuweza.

Kisha ikaja miaka ya maneno. Mgodi ulikuwa umeanza kufa, kazi zimepungua, na kwenye mikutano ya uwanjani na kwenye redio watu walianza kusema juu yetu, watu wa Kasai. Kwamba tumeshika kazi za wengine. Kwamba mgeni akikaa sana husahau njia ya kwao, lazima akumbushwe. Redio hiyo tuliisikiliza jikoni, mama akichambua mchele. Sauti ya msemaji ilikuwa ya upole, kama ya mwalimu. Haikutukana, haikurusha teke. Mama alisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema tu, "Ni siye anatusema," akaendelea kuchambua.

Sebule ikaanza kupungua watu. Hawakugombana na sisi, hawakuja tu. Jirani yetu kijana ndiye alikuwa wa mwisho. Jumapili moja alisimama mlangoni, viatu mguuni. Kaka akamwambia aingie, filamu inaanza. Akasema ana kazi. Alitazama tele kidogo akiwa amesimama vile vile, akaenda zake.

Siku moja walikuja mchana, baba akiwa kazini. Tulisikia kwanza mabati ya nyumba ya pili yakigongwa, kisha kelele. Walikuwa wengi, wenye vyuma na mapanga, na sura nyingi nilizijua. Jirani yetu kijana ndiye alitangulia kuingia kwetu, na chuma mkononi.

Mama alisimama katikati ya sebule. "Ni weye, mutoto wangu?"

"Mama, tokeni."

"Nitoke niende wapi? Weye unajua kwetu kwengine?"

"Tokeni tu, mama. Mutoke kabla bengine bafike."

Hakumtazama usoni. Aliingia chumbani mwenyewe, akatoa godoro la mama na sufuria, akaviweka nje kwa upole kama mtu anayesaidia kuhama. Nyuma yake wenzake walivunja kabati na kubeba tele. Mpaka leo sijui kama alikuja kutufukuza au kutuokoa. Nimejiuliza sana. Labda hata yeye hakujua.

Baba alitukuta kwenye gari la moshi, yaani kwenye stesheni, maana gari lenyewe halikuwepo. Tulikaa pale juu ya mchanga, familia kwa maelfu, tukingoja mabehewa. Mvua ilitupiga. Watoto walikufa kwa kuhara na surua, tukawazika karibu na reli. Baba, aliyeweza kurudisha taa karakana nzima ikizimika, alikaa juu ya godoro akishika magoti yake. Kaka aliwatekea wazee maji. Na mama alimwuliza baba swali lake, leo na kesho na keshokutwa:

"Ni zile filamu? Tata, niambie. Ni siye tulimufundisha mutoto wa watu mu nyumba yetu?"

"Sijui, mama," baba alisema.

Treni ikaja. Tulipita mji wa Tenke tumesimama, tumebanana, na baada ya siku nyingi tukafika Kasai, kwetu ambako hakuna aliyetujua. Hapakuwa na tele wala umeme. Watu walitucheka kwa Chiluba chetu. Watu wa Katanga, walituita.

Kaka yangu alipata kazi ya kubeba mizigo sokoni. Asubuhi moja mtu mmoja alimsukuma akamwambia, "Mtu wa Katanga, rudi kwenu." Hilo tu. Waliokuwepo walituambia kwamba kaka aliweka gunia chini taratibu, akaokota jiwe, akampiga yule mtu kichwani, na alipoanguka akaendelea kumpiga. Iliwabidi wanaume wengi kumtoa. Yule mtu hakufa, lakini jicho moja halikuona tena.

Walimleta nyumbani kabla askari hawajaja kumchukua. Aliketi uani, mikono ina damu mpaka kwenye viwiko. Mama alimtazama.

"Na huyu?" alimwuliza baba. "Huyu nani alimufundisha?"

Baba aligeuza uso ukutani. Mimi nikaenda kuchota maji ya kumnawisha kaka mikono, kwa sababu sikuona kazi nyingine ambayo ningeweza kufanya.