Makinda wa Mlingotini

Mimi si mtu wa kutulia. Subira huvuta heri, husema walio na viti vya kuegemea. Mimi hata foleni ya kulipia mkate hunitoa jasho. Kwa hiyo sijui ni mzaha wa nani ulionipa kazi ya kulinda yadi iliyofungwa kando ya bahari hapa Dubai, mahali ambapo hakiingii kitu wala hakitoki ila upepo na mchanga. Na humo yadini akaja furukombe, yule ndege mkubwa mla samaki, kutaga.

Alijenga juu ya mlingoti wa taa zisizowaka, kiota kikubwa cha vijiti, kamba na vipande vya mifuko ya saruji. Mwanamke mmoja wa ofisi ya mazingira alikuja kumtazama kwa darubini. Hakuvuka geti. Aliniambia nikae kibandani, nisimlishe, nisitangaze mahali alipo, na zaidi ya yote nisimfanye ainuke. "Akiinuka mchana, jua litawaua watoto," alisema, kisha akaniachia darubini yake kuukuu.

Nilikaa vibaya, lakini nilikaa. Niliacha kupiga doria upande ule. Vijana wa mtaa wa Naif ninaokula nao siku za mapumziko walipotaka kuja kupiga selfi, niliwaambia ndege yuko baharini, wamtafute. Makinda wakatoka, wawili. Siwezi kusema niliwapenda kwa upole. Niliwapenda kwa hofu, kama mtu aliyeshikishwa glasi za wenyewe.

Mwezi wa tatu, jua likiwa limeanza kuuma, mama yangu alikuwa huku. Dada yangu, anayeishi Al Twar, alikuwa amemtumia viza ya matembezi. Siku ya kuondoka, mama aliapa hapandi ndege kabla hajaona ninapolinda. Nikamwomba msimamizi wangu ruhusa. "Khalas, aje," alisema, "lakini asikae sana."

Alishuka kwenye teksi adhuhuri, kajifunga leso, kakumbatia sufuria ya ugali na kuku pamoja na mwiko wake, kwa sababu haamini vyombo vya plastiki. Nilifurahi kupita kiasi. Nilitaka aone kwamba huyu mwanawe asiyekaa kitako ameweza kulinda kitu.

Sasa, kwetu Kisii kuku wa mama ndio waliotulipia karo. Mtoto akiona kivuli chenye mabawa kikipita uani haulizi ni ndege gani. Anapiga mayowe, anagonga chochote cha bati, jirani anaitikia, na jirani wa jirani, mpaka mlima mzima unapiga kelele na mwewe anakata tamaa. Asiyepiga kelele ni mvivu au ana lake jambo. Nilikuwa nimejiandaa kumwonya mama, lakini mama hapewi maagizo kabla ya salamu, na salamu za kwetu ni ndefu.

Tulikuwa bado kwenye salamu furukombe dume, baba wa makinda, aliporudi na samaki. Kivuli chake kikapita miguuni petu.

Mama hakufikiri. Mfuniko ulitoka, mwiko ukaugonga, na sauti ile ya kuamsha mlima ikajaa yadi nzima. Jike akaruka kutoka kiotani, akapanda juu akilia.

"Nimemfukuza!" mama akacheka. "Kwani huku hakuna wa kuwafukuza, baba?"

"Umeua watoto, mama!"

Sikuwahi kumpigia mama kelele maishani. Nilimkokota hadi kibandani, nikamweleza ovyoovyo: kuna makinda, hawajaota manyoya, wako juani, na mama yao hatarudi akituona. Kicheko kikamwishia. Akaweka sufuria sakafuni.

"Wangapi?"

"Wawili."

Jike alizunguka, akakikaribia kiota, akaghairi. Akazunguka tena. Miguu iliniwasha. Nilitaka kutoka, nipande, niwashikie mwavuli, nifanye lolote lile. Nikashika kitasa cha mlango. Mama akanishika shati.

"Ukitoka ataenda tena. Kaa, baba."

"Siwezi."

"Najua huwezi. Hata tumboni hukutulia. Kaa."

Nikakaa, nikilichukia jua na kumchukia mama kidogo. Ugali ukapoa bila kuguswa. Hatimaye jike akashuka, akasimama ukingoni mwa kiota, akatandaza mabawa kuwafunika wanawe. Mama akamshukuru Yesu kwa mnong'ono. Dada akapiga simu kwamba wamechelewa. Mama alivua viatu ili visilie, akapita kando ya ukuta akinyatia, mchanga ukimchoma nyayo, hadi alipotoka getini.

Jua lilipokaribia kuzama, dume alileta samaki mwingine. Kichwa kimoja kikainuka. Nikangoja cha pili mpaka macho yakauma kwenye darubini.

Simu ikalia. Mama alikuwa uwanja wa ndege.

"Wameinua vichwa?"

"Wote wawili, mama."

Nilimsikia akishusha pumzi, akimgeukia dada yangu na kumwambia kwa furaha kuwa wazima wote. Kisha akanirudia: "Basi usiende kuwachungulia."

"Siendi," nikasema.

Kule juu jike alikuwa akimkata samaki vipande. Alimlisha yule mmoja. Kisha akainama upande wa pili wa kiota na kipande kingine mdomoni, akangoja.