Waziri wa Hatua Moja

Abdilatif, mwenye bucha pale Mikinduri, hakuwa mtu wa maneno. Ulimi wake ulifunguka mchana tu, nyama ikishaisha, alipoketi nyuma ya bucha kucheza sataranji na Mutegi, mkulima wa miraa. Kwa miaka kumi na tisa walikuwa wakicheza sataranji ya babu yake Abdilatif, aliyefundishwa na mchuuzi wa ng'ombe kutoka Ethiopia. Katika mchezo huo waziri hujikokota hatua moja ya mshazari. Mwanzoni wote wawili husogeza kete kwa pamoja, bila zamu, mpaka kete ya kwanza iliwe. Na mfalme huuawa kwa kete ndogo. Kumuua kwa kete kubwa ni aibu.

Siku moja Mutegi alikuja na kete za plastiki.

“Abdi, kumbe tunacheza mambo ya kale! Binti yangu Gatwiri amesoma yote huko chuoni Nchiru. Mchezo ulizaliwa India, ukapita Uajemi, Waarabu wakaufikisha Uhispania. Wazungu wakamgeuza waziri kuwa malkia, na miaka kama mia tano iliyopita wakampa mbio za uwanja mzima.”

“Nani aliwapa ruhusa?”

“Ati ruhusa! Walichoka, bwana. Mchezo ulikuwa unakwenda kama punda wa maji.”

Abdilatif alimwinua malkia kwa vidole viwili, kama anayetoa unywele kwenye nyama ya mteja.

“Uchafu,” alisema.

“Basi tucheze huu uchafu mara moja. Ukishinda, tunarudi kwa babu na sitalalamika tena. Nikishinda, kete za babu zinaingia kabatini.”

Abdilatif aliijua maana yake. Mikinduri nzima hakuna mwingine aliyeujua mchezo ule. Kete zikiingia kabatini, mchezo umekufa. Akakubali.

Kila hatua ilimchefua. Kungoja zamu kama foleni ya zahanati. Malkia wa Mutegi alikatiza uwanja na kumlia kete tatu, hana haya, kama mbwa aliyeingia buchani. Kisha tamaa ikamponza, farasi wa Abdilatif akamla. Malkia wa Abdilatif mwenyewe alikuwa bado pale pale alipowekwa. Hakutaka kumgusa.

Lakini askari wa Mutegi, kete ndogo kuliko zote, alibakisha hatua moja afike mwisho, ageuke malkia mwingine. Abdilatif alitafuta njia ya kumuua mfalme kwa askari. Hakuna. Akatafuta kwa farasi. Hakuna. Njia ilikuwa moja tu.

“Unaogopa nini, mzee?” Mutegi alimchokoza. “Ni mama tu huyo!”

Abdilatif alimshika malkia, akamvuta kutoka pembe hadi pembe. Mfalme hakuwa na pa kukimbilia.

“Umeniua na malkia! Wewe, Abdi!” Mutegi alicheka mpaka akakohoa. Akakusanya plastiki zake. “Haya, neno ni neno. Kesho ya babu.”

Abdilatif alienda bombani akasugua vidole kwa sabuni ya kuoshea matumbo, mara mbili, na bado aliona vinanuka.

Kesho yake Mutegi alikuja kama alivyoahidi. Hakulalamika. Alimsogeza waziri hatua moja, taratibu, kwa adabu, akatabasamu kama mtu aliyekuja kumjulia hali mgonjwa asiyepona. Abdilatif alipouona upole ule, kichefuchefu kilimpanda kuliko cha jana.