Shikamoo za Bure za Makote

Jamani, upara unaponza. Nilipohamishwa kutoka Masasi kuja ofisi ya kata hapa Makote, jirani yangu Mama Shukuru aliuona tu upara wangu akasema, "Shikamoo, baba." Ningemsahihisha siku ile ile, yangeisha. Lakini ilikuwa tamu! Nikaitika, "Marahaba, mwanangu." Tangu hapo kila asubuhi akienda kwenye mikorosho yake ananiamkia, nami naitika kwa sauti nzito.

Wiki iliyopita nikawa nawafundisha wanakijiji huduma za serikali mtandaoni. Nikaanzia mbali, Ulaya. Nikasema Ujerumani, pamoja na utajiri wao wote, bado wanahangaika na makaratasi.

"Lakini Estonia! Hao wamewaacha wenzao mbali. Serikali yao inakujua tayari, haikuulizi mara mbili jina wala umri."

"Na sisi je?" akauliza Mama Shukuru kutoka mstari wa mbele.

Swali nililokuwa nalisubiri! "Sisi nasi tunakuja. Tazameni."

Nikaunganisha simu na projekta, nikaingiza namba yangu ya kitambulisho kwa mbwembwe. Ukutani nikatokea mzima mzima: picha, jina, na mwaka wa kuzaliwa, maandishi makubwa kama tangazo la mnada wa korosho.

Mama Shukuru akahesabu kwa vidole, akarudia. Kisha akasimama, akajifunga kanga vizuri.

"Kumbe hata mdogo wangu wa mwisho amekuzidi! Haya, nasubiri."

Nikainamisha upara. "Shikamoo, mama."

Ukumbi mzima ukaitika: "Marahabaaa!"