Halbadiri ya Mchanga

Harufu ya saruji mbichi mpaka leo hunivuruga. Nikipita mahali panapojengwa, nikaisikia ile harufu ya saruji na mchanga uliotiwa maji, kwanza hufurahi, halafu huingiwa na wasiwasi, na sijui lipi kati ya hayo mawili nilishike. Nilikuwa darasa la pili mwaka ambao ua wetu wote ulinuka hivyo. Tulikaa kijiji cha pwani upande wa Kiuyu, kaskazini ya Pemba, katika nyumba ya udongo iliyoezekwa makuti, na baba yangu, Faki, alikuwa ameshaamua kwamba makuti sasa basi. Kila alasiri akirudi shamba alichanganya mchanga na saruji, akashindilia ndani ya kibao, akafyatua tofali na kulipanga kivulini. Kazi yangu ilikuwa kuyamwagia maji matofali yasipasuke. Tofali likikauka hubadilika rangi polepole kuanzia pembeni, nami nilikuwa nikichutama kuyatazama mpaka niitwe kula.

Mchanga wenyewe ulitoka pwani, nyuma tu ya minazi. Tulikuwa na tuta refu la mchanga mweupe, laini hata ukiupitia mchana wa jua kali haukuchomi sana. Nyuma ya tuta hilo palikuwa na kisima cha maji matamu, na kulia kwake mikoko iliyojaa kaa na ndege wa miguu mirefu. Kasa walikuja kutaga hapo. Asubuhi tulikuta michirizi yao kama mtu aliyeburura gunia. Zamani watu walichukua mchanga kwa pakacha, wa kutandaza uani ikikaribia Idi au kumimina juu ya kaburi. Halafu saruji na bati zikaanza kuingia madukani, kila mwenye mke akataka kumwekea ukuta, na malori yakaanza kuja kutoka mjini. Waliopakia walikuwa vijana wetu wenyewe. Tuta likaliwa upande mmoja, minazi ya mbele ikalala mizizi ikiwa nje, na kasa wakipanda wakakuta genge la mchanga limewasimamia mbele, wakageuka na mayai yao tumboni. Hayo niliyasikia kwa wakubwa. Mimi nilichokijua ni kwamba pwani ilikuwa na mashimo mazuri ya kujificha tukicheza kibe.

Kilichotuamsha kilikuwa chai. Mama alimpa baba kikombe asubuhi moja, baba akapiga funda, akauliza kwa upole kama siku hizi chai tunatia chumvi. Mama, ambaye wote walimwita Bi Mize, alionja, akatwaa ndoo na kwenda kisimani. Nilimfuata. Alichota kwa kiganja, akanywa, akatema, akachota tena kama mtu anayempa mwenzake nafasi ya kujitetea. Bahari ilikuwa imeingia kwa chini, pale tuta lilipoliwa. Tokea siku hiyo wanawake wa kijiji walifuata maji mbali, ng'ambo ya mashamba, ndoo kichwani na mtoto mgongoni. Na mama, ambaye hata kwenye harusi alikaa nyuma, ndiye aliyepita nyumba kwa nyumba kuwaambia kwamba mchanga lazima usimame.

Hapo ndipo akili yangu ilipoanza kugongana. Mama alikuwa akitoka kwenye kikao cha wanawake, amesema mpaka sauti imemkauka kwamba pwani inaliwa, akafika nyumbani na kumshikia baba kibao cha kufyatulia matofali. Hawakugombana. Laiti wangegombana ningejua nisimame upande gani. Nilipomuuliza mama, alinijibu kwamba baba anachukua wa kujengea na wale wa malori wanachukua wa kuuza. Nikauliza kama bahari inajua tofauti hiyo. Niliambiwa nichukue ndoo nikamwagie matofali maji, na maji hayo nayo yalikuwa ya chumvi.

Wanawake walijaribu kila njia. Walikwenda kwa sheha, sheha akapeleka habari juu, wakaja wakubwa na gari, wakatazama shimo, wakakubali kwamba ni shimo, wakaondoka. Tuliambiwa skuli tupande mivinje juu ya tuta. Tukapanda kwa nyimbo na mbuzi wakala. Siku moja mama na wenzake walikaa kitako njiani, wakatandika mikeka na kumenya muhogo mbele ya lori. Dereva akazima mashine, akashuka, akaomba muhogo, akala, akawaonyesha kibali chake, na vijana wakapakia kwa kupitia upande wa mikoko. Mama alirudi nyumbani akalia. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kumwona akilia kwa jambo ambalo si msiba, na sikujua kama inafaa nimpe pole.

Ndipo likaja wazo la halbadiri. Kwa asiyejua, ni kisomo kizito, husomwa majina ya mashahidi wa Badri, na dhalimu asiyejulikana au asiyeshikika hushitakiwa kwa Mungu. Kuku akiibiwa, mtu husema tu kwamba atasoma, na kuku hurudi mwenyewe. Mama na wenzake walimwendea Maalim Kombo, aliyetusalisha na kutusomesha Kurani chuoni, na yeye baada ya kusitasita sana akatangaza baada ya sala ya Ijumaa kwamba Ijumaa ijayo patasomwa juu ya kila mwenye kuimaliza pwani yetu, na aliye na mchanga wa watu aurudishe kabla. Baba alikuwapo. Habari ya alichokisema ilifika nyumbani kabla yake. Alisimama katikati ya watu, akauliza kwa adabu:

"Na msikiti, Maalim? Ukuta huu wa kibla si n'changa wa pale pale?"

Watu wakainama. Maalim Kombo akautazama ule ukuta, uliojengwa mwaka uliopita kwa mchanga wa lori zima, akajibu, "Msikiti una mwenyewe." Baba akakaa. Kila mtu siku hiyo alitoka msikitini na hesabu yake kichwani, maana hapakuwa na nyumba isiyo na chembe ya mchanga ule, iwe ukuta, iwe sakafu, iwe kidaka cha kuwekea mtungi.

Wiki iliyofuata sijaona mfano wake. Watu walirudisha mchanga. Waliupeleka kwa gari la ng'ombe, kwa karai, kwa ndoo, kwa sufuria. Bibi mmoja jirani yetu alifagia ua wake wote, majani na kinyesi cha kuku humo humo, akaupeleka pwani ndani ya pakacha na kuumwaga huku akiomba radhi. Watu walikutana njiani na mizigo yao, wakasalimiana na kuulizana hali za watoto, na hakuna aliyetaja alichobeba. Baba alirudisha lundo lote lililobaki uani. Alikwenda peku, na katika kushuka shimoni akakanyaga gamba la chaza likamchana unyayo. Aliufunga mguu kwa kitambaa akaendelea. Lundo likaisha, lakini kuta za nyumba mpya pale uani zilikuwa zimeshafika kimo cha dirisha, na ukuta hauchotwi kwa beleshi.

Ijumaa ilipofika tulijaa nje ya msikiti, wanawake na watoto, moshi wa udi ukitupitia. Ndani majina yalisomwa moja moja, na kila baada ya dua wanaume waliitikia. Nilizitambua sauti, kama mtoto anavyozitambua, na sauti ya baba ilikuwa juu kuliko zote. Alikuwa akisema amin. Nilimshika mama nguo nikamtazama usoni, na yeye midomo yake ilikuwa ikisema amin vilevile. Mwenzangu Asha, aliyekuwa mjuzi wa mambo hayo kwa kuwa na dada wengi, alininong'oneza kwamba anayepatwa na halbadiri huvimba. Huanza mahali popote, akasema, halafu hupanda.

Siku zile nilimchunguza baba kuliko nilivyochunguza kitabu chochote maishani. Akivua shati nilimtazama tumbo. Akila wali mwingi nilitamani nimnyang'anye sahani. Na mguu ulipoanza kuvimba, mimi ndiye niliyeuona kwanza, kifundo kimepotea na ngozi inang'aa. Sikusema. Nilidhani nikiutaja ndipo utakuwa kweli. Baada ya muda hapakuwa na haja ya kusema, kwa sababu uvimbe ulipanda mpaka gotini na baba akawa anatetemeka kwa homa juani. Wakamlaza kitandani, na majirani wakaja kumtazama, wakatoka wakizungumza kwa sauti ya chini.

Daktari wa kituo cha afya alisema ni kidonda, kimeingia uchafu, akampiga sindano na kusema atakuja tena. Maalim Kombo naye alikuja. Mama alimngojea mlangoni, akamuuliza kama kisomo kile kilimkusudia na huyu. Maalim akaapa kwamba hakikumkusudia, kwamba Faki alirudisha alichoweza, kwamba Mungu hapotei njia. Mama alimsikiliza mpaka mwisho, akamshukuru. Lakini macho yake yalikuwa yametoka kwenye uso wa Maalim, yamekwenda uani, kwenye zile kuta.

Asubuhi yake niliamshwa na mapigo. Mama alikuwa amejifunga kanga kiunoni, ameshika nyundo ya baba, anavunja. Alivunja matofali niliyoyamwagia maji mwenyewe, moja moja, na wenzake wa vikao walipopita kwenda kuchota maji waliweka ndoo chini wakaingia kumsaidia bila kuulizana. Vumbi lilitanda. Wengine walizoa vifusi kwa makarai na kuvipeleka pwani. Nilisimama kati ya ua na chumba alicholala baba, sijui nikamzuie mama au nikabebe. Nilitaka nyumba ile. Nilishajichagulia pembe ya kulala, chini ya dirisha. Na nilitaka baba apone, na nikawa naona haya kwamba nayataka yote mawili.

Baba aliita kwa sauti ndogo. Mama akaja, vumbi mpaka kwenye kope.

"Mize," baba akasema, "nyumba ile nalikujengea weye."

"Najua," mama akajibu. "Nawe pona."

Akarudi uani, na mapigo yakaendelea. Baba aligeuza uso ukutani, na nilipomsogelea niliona analia, nami nikalia, ingawa kila mmoja wetu labda alikuwa akililia kitu chake.

Alipona. Daktari alikuja na sindano ya pili na ya tatu, uvimbe ukashuka, na kabla mvua za vuli hazijaanza baba alikuwa akitembea na fimbo. Daktari akasema ni dawa. Kijiji kizima kikasema ni kuta. Habari ile ilisafiri na chumvi yake, kwamba mtu kavimba mguu kwa matofali tu, je mwenye lori? Madereva wakaacha kuja kwetu. Hata waliokuwa na vibali walisema barabara yetu mbaya. Mama hakuwahi kukaa tena mbele ya gari. Baadaye tukasikia malori yamehamia pwani ya wenzetu, upande wa pili, ambako hapakusomwa kitu. Nilimuuliza mama kama tuwaambie nao wasome. Alisema wana wanawake wao. Mpaka leo sijui kama jibu lile lilikuwa la uchovu au la ukatili.

Mama hatunaye tena. Aliishi na kufa ndani ya nyumba ya udongo, na nilivyomjua hakuwahi kulalamikia makuti. Pwani yetu imerudi, si yote. Tuta limejijenga, mivinje mipya imeshika, na waliokaa kijijini wananiambia kasa wanaonekana tena. Maji ya kisima yanafaa kufulia. Ya kunywa siku hizi hutoka bombani yanapotoka. Vijana wana kamati yenye fulana na mabango, wanazungumza vizuri kuhusu mazingira, na halbadiri wanaitaja kwa kucheka kidogo. Pwani ya wenzetu nimeipita mwaka jana. Bahari imefika kwenye makaburi.

Mimi na mume wangu tumejenga mjini. Nyumba yangu ina matofali na bati, na ina madirisha ambayo mama angeyaona makubwa mno. Baba alikuja mwezi uliopita, mzee sasa, anachechemea kwa mguu ule ule. Aliizunguka nyumba yote, akaupiga ukuta kwa kiganja, akamsifu fundi. Kisha akauliza, bila ya ubaya wowote, mchanga fundi kautoa wapi. Nikamwambia sikumuuliza. Akatikisa kichwa kama mtu aliyepewa jibu la kutosha. Kwa kuwa tulikuwa peke yetu, nilimuuliza nilichotaka kumuuliza tangu utoto, nini hasa kilimponesha, sindano au kuvunjwa kwa kuta.

"Mie sijui, mwanangu," akasema. "Mie nalijitahidi nipone tu, mama'ko asije akajiona kavunja nyumba bure."

Nje mume wangu alikuwa akipima ardhi kwa hatua pamoja na fundi, wanaelewana pa kusimamisha ukuta mpya. Lori la mchanga lilikuwa limeshaagizwa tangu asubuhi. Tulikuwa tunamjengea baba chumba.