Siku Niliyopeleka Mahari Mahakamani

Mpaka leo nikienda sokoni Bunda nazungukaga nyuma ya mashine ya kusaga, njia ndefu yenye matope, ili tu nisipite mbele ya mahakama, maana wapo watu pale wakiniona hawasemi hata habari za asubuhi, wanaulizana tu kwa sauti, "Leo amekuja na wangapi?" Na mimi nacheka nao, nifanyeje, kosa ni langu.

Mambo yenyewe yalikuwa hivi. Baba yangu, mzee Magesa, aliachana na mama zamani, akahamia Musoma, na mahakama ikamwamuru awe anatoa matunzo ya mdogo wangu Nyanjura kila mwezi (mimi nilishakuwa mkubwa, sikuhesabiwa). Alikuwa anatoa, tusimseme vibaya. Ila ukaja ule mwaka wa kupunguza wafanyakazi, kiwanda kikampunguza na baba, na wakati huohuo Nyanjura akachaguliwa kwenda fomu wani, na shule nazo zilishaanza ile habari ya wazazi kuchangia kila kitu mpaka chaki. Mama akaenda mahakamani kuomba matunzo yaongezwe. Baba naye akaja kuomba yapunguzwe, akasema yeye hana kipato, anakula kwa mke. Huyo mke ndiye mama mdogo Sara, aliyekuwa anauza vitenge soko la Musoma, na siku hizo vitenge vya nje vilishafunguliwa njia, kila mwanamke anataka doti.

Hakimu, mama mmoja mtaratibu mwenye miwani, akasema hawezi kuamua kwa maneno matupu, kwanza ajue ukweli wa kipato cha baba, kwa hiyo Sara aletewe samansi aje aseme anachokijua. Kesi ikasogezwa Jumatano ya wiki inayofuata. Mama yangu hajasoma, kwa hiyo kwenda kwa karani nilikwenda mimi, na fomu foo yangu, na daftari langu, na kalamu mbili (moja ya akiba).

Karani wetu ni mtu wa ziwani. Sisi watu wa Mara tunajijua, ere na ele kwetu ni mtu na ndugu yake, kila mmoja anavaa shati la mwenzake. Akaniambia bila kuinua kichwa, "Jumatano usikose. Urete mahari ya yure mama mpya, kamiri."

Nikaandika: *Kuleta mahari ya mama mpya, kamili.*

Ona sasa. "Urete" niliisahihisha kichwani. "Yure" niliisahihisha. "Kamiri" niliisahihisha. "Mahari" ikapita kama mgeni mwenye barua. Yaani mtu alikuwa ananiambia nilete mahali, pale Sara anapofanyia biashara, ili tarishi ajue pa kupeleka samansi, basi. Nilipofika mlangoni kuna kitu kiliniambia rudi ukaulize, hatua kama kumi hivi, lakini kulikuwa na foleni ya watu watatu na mimi kungoja kwangu ni ugonjwa. Nikaondoka. Hapo ndipo nilipojiloga.

Nyumbani mama akashangaa. "Mahari? Mahakama inataka mahari ya nini?"

"Mama, ndiyo sheria. Wanapima uwezo wa baba. Mtu aliyetoa ng'ombe juzi anawezaje kusema hana kitu?"

Mama akafikiri, akasema, "Hao watu wamesoma kweli." Na mimi nikajiona nimesoma kama wao.

Kesho yake nikapanda lori mpaka Butiama, nikashuka na kukata kwa miguu mpaka Buswahili kwa kina Sara. Nilivaa sketi yangu ya shule na blauzi nyeupe, daftari kifuani, na nafikiri nilionekana kama serikali, maana watoto walinikimbia. Nikamkuta baba yake Sara, mzee Wambura, anakamua. Nikaamkia. Akauliza mimi nani. Sasa ningesema mimi ni mtoto wa Magesa wa yule mke wa kwanza, maziwa yangechacha palepale, kwa hiyo nikasema, "Nimetumwa na mahakama ya Bunda." (Siyo uongo. Siyo ukweli pia.)

"Mahakama inataka nini kwangu?"

"Inataka mahari ya Sara, mzee. Jumatano."

Akaacha kukamua. Akauliza kwa sauti ndogo, "Yote?"

Nikadhani anauliza kama niandike yote. "Yote, mzee. Kamili."

"Hata mbuzi?"

"Hata mbuzi."

"Kuna jike moja limezaa kwangu hapahapa. Na ndama?"

"Ndama pia, mzee, asiachwe. Mahakama haipendi vitu nusunusu."

"Mmoja tulimchinja, mdogo wake Sara alipoolewa."

"Hilo utaeleza mwenyewe kwa hakimu," nikamwambia, na moyoni nikajipongeza, nikasema Nyabise wewe ungekuwa wakili. Akanihesabia, nikaandika vizuri kabisa na mstari chini. Mzee akanipa maziwa ya mgando kikombe kikubwa, ila mwenyewe hakunywa, na nilipoaga akasema tu, "Sawa mwanangu. Serikali ni serikali." Nikarudi nyumbani naimba.

Jumatano chumba kilijaa, maana siku hiyo kulikuwa na kesi ya mpaka wa shamba na ukoo mzima wa watu walikuja kutoka Bugwema. Hakimu katikati, wazee wawili washauri wa mahakama pembeni yake, mama na Nyanjura na mimi benchi la mbele, baba upande wa pili amevaa shati lililochanika begani (baba hakuwaga na shati lililochanika, hata mimi nilishangaa). Akasimama akasema kwa huruma, "Mheshimiwa, mimi nimepunguzwa. Sina kitu. Ninaomba nipunguziwe na mimi, maana hata chumvi ananunua mke."

Hakimu akauliza kwa nini mke hajaletwa. Karani akasema samansi haijaandikwa, anangoja maelezo ya huyu binti. Nikasimama kabla sijaitwa.

"Ninayo, Mheshimiwa."

"Haya, soma."

Nikakohoa kidogo, nikasoma kwa sauti ya mashindano ya kusoma darasa la saba: "Mahari ya mke mpya. Ng'ombe kumi, mmoja wao amechinjwa. Ndama mmoja, amezaliwa huko huko. Mbuzi watatu."

Hakimu akavua miwani, akaifuta, akaivaa tena kana kwamba tatizo ni miwani. "Binti. Niliuliza mahali. Mahali anapofanyia kazi huyo mama. Ng'ombe umeulizwa na nani?"

Nikamwangalia karani. Karani akasema, "Mimi nirisema mahari," na ukoo mzima wa Bugwema ukaanguka kwa kicheko.

Mimi nikaona aibu yangu imefika mwisho, kumbe ndiyo kwanza inaingia mjini. Nje kikasikika kilio cha ng'ombe. Halafu cha pili. Tarishi akachungulia mlangoni akasema, "Mheshimiwa, kuna mzee hapa anasema ameleta mahari."

Mzee Wambura. Alitoka Buswahili Jumanne, akalala Nyamuswa kwa ndugu yake, akatembea siku mbili na mifugo yote, kwa sababu kwetu mahari ikiitwa maana yake ni moja tu, ndoa imekufa, na yeye ni mtu mwaminifu, hakutaka kufungwa. Akaingia na fimbo yake na vumbi mpaka kwenye nyusi. "Shikamooni wakubwa. Wako tisa, na ndama, na mbuzi wote. Yule wa kumi tulimchinja, nitalipa, naomba nipewe muda."

"Nani alikuambia ulete ng'ombe mahakamani?" hakimu akauliza.

Mzee akageuka taratibu, akanyoosha fimbo mpaka puani kwangu. "Yule binti wa serikali."

Mama yangu akavuta khanga akafunika uso wake wote. Nyanjura akasogea mbali nami benchini, kidogo kidogo, kama mtu asiyenijua.

Hapo hapo Sara akaingia anahema, katoka stendi mbio, maana mzee alimtumia salamu kwa kondakta wa basi kwamba anarudisha mahari yake. Hakusalimia mtu. Akamwendea baba moja kwa moja. "Magesa, unaniacha kwa mahakama? Hukuweza kunisemea nyumbani?"

"Mimi? Wewe ndiye unaniacha. Baba yako huyo hapo na ng'ombe."

"Baba ameitwa na mahakama."

"Mahakama haijamwita mtu," akasema hakimu. "Kaeni wote. Mzee Magesa, wewe simama. Umesema huna kitu. Ng'ombe kumi ulitoa wapi?"

Baba akatazama dari. Akatazama viatu. Akasema ng'ombe ni mambo ya zamani kidogo. Hakimu akamwambia ndoa ina miaka mitatu. Na mimi nikaona mama ananyanyua khanga jicho moja, na nikajua anawaza shule ya Nyanjura, maana kama baba ana ng'ombe basi ada ipo.

Ndipo Sara aliposimama. Alimtazama baba yake kwanza, muda mrefu, halafu akasema, "Mheshimiwa, asisumbuliwe kwa hao ng'ombe. Ni wangu. Nilinunua mimi kwa vitenge vyangu, nikampa apeleke kwetu kama wa kwake, ili baba yangu asione binti yake ameondoka bure na huyu naye aweze kuinua uso. Nilitaka iwe siri. Basi."

Mshauri mmoja, mzee mwenye kofia, akashindwa kujizuia. "Kwa hiyo Magesa, wewe ndiye umeolewa."

"Tena kwa ng'ombe kumi," akasema mwenzake. "Ametolewa bei nzuri."

Watu walicheka mpaka nje ng'ombe wakajibu. Baba alikaa chini mwenyewe. Hakimu akagonga meza, akamwambia Sara kwa upole kwamba mali yake si ya kesi hii, hakuna sheria ya kumfanya mke mpya alee mtoto wa mke wa kwanza, na haulizwi anauza kiasi gani wala ameweka wapi.

"Asante, Mheshimiwa," Sara akasema. "Nami sitaki yachanganywe. Vitenge ni vyangu, hilo liandikwe. Cherehani mbili ni zake."

"Cherehani zipi?"

"Alizonunua kwa pesa ya kupunguzwa. Ziko barazani kwangu. Anashona yunifomu. Msimu huu wa shule hana hata muda wa kula."

"Sara," baba akasema.

"Nini? Nimekosea hesabu?"

Hakimu akaandika kwa muda mrefu bila kuinua kichwa, na nilisikia mama ananong'ona sala. Ikaamuliwa matunzo yabaki yalivyo, na ada ya Nyanjura juu ya baba, na yunifomu ashone mwenyewe, pea mbili, "na mzee ujishonee na hilo shati," hakimu akasema. Nyanjura akaruka, akasahau kwamba hanijui, akanikumbatia shingo. Mama alilia na kucheka kwa pamoja, na mimi nilitaka nifurahi, lakini hakimu alikuwa hajamalizana nami.

"Wewe binti. Kule nje mahakama yangu imekuwa zizi. Chukua fagio na koleo. Ukimaliza, hao ng'ombe utawarudisha na mzee mpaka kwao. Kwa miguu."

Nilizoa mavi mbele ya ukoo mzima wa Bugwema, ambao kesi yao ilisogezwa na hawakuwa na haraka ya kuondoka. Sara akaja kusimama karibu nami. Nilishindwa kumtazama. Nikamwambia, "Mama mdogo, nisamehe. Siri ilikuwa yako."

"Miaka mitatu nimeitunza," akasema. "Wewe umeitembeza na mikia." Kisha akaniondolea jani la nyasi kwenye nywele. "Siku yako ikifika nitasimama getini nisome ng'ombe wako mmoja mmoja. Utafurahi." Hakuwa anacheka, ila hakuwa amenuna pia.

Njiani mzee Wambura alisema na ng'ombe tu mpaka karibu na Nyamuswa, na mimi nilijua nimemvunjia heshima mtu aliyenipa maziwa. Nikajikaza nikamwomba radhi. Akatembea kidogo, akapiga mluzi kumrudisha ndama, akasema, "Nina watoto tisa. Wa kiume sita. Hakuna aliyewahi kuniletea hata kuku. Wa kuniletea ng'ombe kumi kumbe ni msichana wangu." Halafu akaanza kucheka, akacheka mpaka akashika fimbo kwa mikono miwili, na kila mtu tuliyekutana naye barabarani alimsimulia upya, na kila akisimulia alinionyesha mimi kwa kidole. Mpaka Buswahili. Siku mbili.

Nimeapa. Mtu akinituma siku hizi namuuliza mara mbili, namwomba aniandikie, hata anione mjinga, hata foleni iwe ya watu mia. Ujinga wa kuuliza unaishia palepale dirishani. Wa kwangu ulitoka Buswahili kwa miguu, ukalala Nyamuswa, na ulikuwa na pembe.